Vipimo vya Magurudumu Kabla ya Kulipia Gari la Spoti

Katika biashara ya magari ya spoti yaliyotumika hapa Dar es Salaam ipo kauli moja ambayo mnunuzi hujibiwa mara tu anaposema kwamba gari linavuta upande au kwamba usukani haukai sawa: "Hiyo ni alaimenti tu, kaka, ukipita gereji wanaiweka sawa muda huo huo." Alaimenti ni kuweka sawa pembe ambazo magurudumu yamesimamia, na kuna nyakati ambapo muuzaji anasema kweli. Hata hivyo, nimekuwa nikiwasindikiza ndugu na marafiki kukagua magari ya aina hii, na kadiri muda unavyokwenda ndivyo msimamo wangu unavyozidi kuwa thabiti: katika gari la spoti, pembe za magurudumu hueleza gari limegongwa wapi, limeshushwa vipi, mipira yake imechoka kiasi gani na limekuwa mikononi mwa mafundi wa namna gani. Rangi hupigwa upya na injini huoshwa ikang'aa, lakini mashine ya alaimenti ikishafungwa kwenye magurudumu ni vigumu kuificha kitu. Ndiyo maana namshauri kila anayeniuliza apate vipimo hivyo kabla ya kulipa, na avipate kabla fundi hajashika spana.

Sharti hilo la kwamba spana isishikwe lina uzito kuliko mengine yote. Kwa kawaida fundi hufunga vifaa vyake, hurekebisha, kisha humkabidhi mteja karatasi ambayo kila namba imewekwa rangi ya kijani. Kwa mwenye gari, karatasi hiyo ni ya kufurahisha. Kwa mnunuzi, inaonyesha gari ambalo ushahidi wake umekwisha kufutwa. Mashine nyingi za kisasa, zile zenye kamera zinazotazama vioo vilivyobanwa kwenye rimu, huhifadhi vipimo vya mwanzo na vya mwisho katika safu mbili, na safu ya mwanzo ndiyo inayopaswa kuchapishwa. Nimeona mafundi wanaosita, kwa sababu wamezoea kulipwa kwa kurekebisha na si kwa kupima. Inatosha kueleza mapema kwamba utalipa gharama kamili ya kazi hata kama hakuna nati itakayolegezwa.

Pembe tatu ndizo zinazotajwa zaidi. Ya kwanza ni too, yaani kiasi ambacho magurudumu ya kushoto na kulia yanaelekeana au kuachana kwa mbele, ukiyatazama kutoka juu. Ya pili ni kemba, ambayo ni mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele. Kemba ikiwa hasi, sehemu ya juu ya gurudumu imeingia ndani kuelekea kwenye bodi. Ya tatu ni kasta, ambayo ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele huzungukia wakati wa kukata kona, ukiutazama kutoka ubavuni mwa gari. Pembe hiyo ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona na kulifanya gari litulie linapokwenda kasi. Kati ya hizo tatu, inayomaliza matairi haraka zaidi ni too. Gurudumu lililopotoka kwa nusu digrii tu huburuzwa kiubavu karibu mita 8.7 katika kila kilomita moja, na kwa kuwa lami haisogei, kinachosagika ni mpira.

Mwenye Vitz au Passo hana mengi ya kurekebishiwa nyuma, kwa kuwa mhimili wa nyuma wa magari hayo ni boriti moja isiyo na mahali pa kuzungusha spana; anapoambiwa kwamba alaimenti imefanyika, maana yake hasa ni kwamba too ya mbele imewekwa sawa. Altezza ni habari nyingine kabisa. Toyota iliizindua mwaka 1998, ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka nchini Japani kwa msimu wa 1998–1999, na ilitengenezwa hadi 2005. Kila gurudumu kati ya yale manne limeshikwa na amu za juu na za chini, yaani vyuma vinavyoliunganisha na bodi, na gari husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo too ya nyuma ina kauli kubwa juu ya mwenendo wake. Ikiwa gurudumu moja la nyuma limeelekea ndani kuliko mwenzake, gari zima husukumwa upande huku dereva akilirudisha kwa usukani, na siku atakayoingia kwenye kona yenye maji ndipo atakapogundua kwamba mkia haufuati kichwa. Subaru Impreza WRX ya kizazi kilichoanza mwaka 2000 ina mpangilio tofauti: imesimama juu ya shokapu mbele na nyuma, kemba ya mbele hurekebishwa kwa bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoishikiza shokapu kwenye nako, yaani chuma kinachobeba gurudumu, too ya nyuma hurekebishika, ilhali kasta haina mahali pa kurekebisha. Mnunuzi anapaswa kuyajua haya ya gari analolitaka, kwa sababu pembe isiyorekebishika ikikutwa imehama, kuna kitu kilichopinda, kilichochakaa au kilichofungwa vibaya.

Umri nao haukwepeki. Altezza ya mwisho kabisa imekwisha kupita miaka ishirini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hivyo zile zilizoko huko zimetembea juu ya barabara za huko kwa muda mrefu; kwetu gari kuukuu huingia kwa kutozwa ushuru zaidi wa uchakavu, kwa hiyo mtu anaweza kukutana na Altezza iliyoshuka melini hivi karibuni ikiwa na bushi, yaani mipira ya kwenye viungo vya amu, zile zile ilizotoka nazo kiwandani. Mpira wa umri huo huonekana mzima gari likiwa limesimama, kisha hujivuta gari likibeba mzigo wa kona.

Wauzaji hupenda kusema kwamba gari limetoka Japani juzi, kwa hiyo halijaonja mashimo. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ukaguzi wa lazima wa huko, unaoitwa shaken, hulipitisha gari juu ya bamba linalopima jinsi magurudumu ya mbele yanavyoteleza kiubavu, na kiwango kinachokubalika ni kisichozidi milimita 5 kwa kila mita 1. Ni kipimo kizuri kwa usalama wa kawaida, lakini hakisemi lolote kuhusu kemba, wala kasta, wala magurudumu ya nyuma, na gari la spoti lililochezewa kwenye viwanja vya mbio linaweza kulivuka bamba hilo bila tatizo. Kinachosaidia zaidi ni karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani huko Japani. Daraja la R au RA humaanisha gari limewahi kutengenezwa baada ya ajali, na kwenye mchoro wa bodi alama ya W huonyesha mahali palipokarabatiwa, X mahali panapohitaji kubadilishwa, na XX mahali palipokwisha kubadilishwa. Ukiona XX kwenye madigadi ya mbele ya kushoto, basi gurudumu la mbele la kushoto ndilo la kupimwa kwa jicho kali zaidi, kwa sababu gari likigongwa kwenye kona ya mbele, nguvu ya pigo aghalabu hufika kwenye gurudumu na amu zake.

Kabla ya kwenda kwenye mashine, matairi yenyewe yanaeleza mengi, na hapa sioni sababu ya kufanya haraka. Omba muuzaji akate usukani wote upande mmoja, kisha mwingine, ili uone tairi la mbele kwa upana wake wote, hasa ukingo wa ndani ambao mtu aliyesimama kando ya gari haoni. Kwa nyuma itakubidi ulale chini au utumie kamera ya simu. Mafundi wetu husema tairi "linakula ndani" au "linakula nje", na mahali linapokula panaonyesha mwelekeo wa kosa. Weka kiganja juu ya meno ya tairi, ukipitishe kutoka ukingo wa nje kwenda wa ndani, kisha ukirudishe. Ikiwa kwenda ndani kiganja kinateleza, lakini kurudi nje kinakwaruzwa na kingo kali, magurudumu yameelekeana kwa mbele kupita kiasi. Ikiwa ni kinyume chake, yaani laini kwenda nje na kali kwenda ndani, yameachana. Ukingo wa ndani ulioisha sawasawa bila kingo kali huashiria zaidi kemba hasi iliyozidi. Mabonde yanayopishana kuzunguka tairi zima, ambayo kiganja huyahisi kama mawimbi, hutokana mara nyingi na shokapu zilizochoka au gurudumu lisilobalansiwa, na hayo si mambo ya alaimenti hata muuzaji akisisitiza.

Matairi mapya manne juu ya gari linalouzwa hunitia shaka kuliko kunifurahisha. Soma tarakimu nne za tarehe kwenye ubavu wa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikiwa matairi yote ni ya juzi na gari linauzwa leo, uliza yaliyotolewa yako wapi, kwa sababu yale ya zamani ndiyo yaliyokuwa yamebeba kumbukumbu ya pembe. Yapo pia matairi yanayobadilishwa pande ili ukingo ulioliwa uonekane mahali pasipotarajiwa. Tairi lililoandikwa OUTSIDE likiwa neno hilo limeelekea ndani ya gari, au lenye mshale wa mzunguko unaoelekea nyuma, limegeuzwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na sababu. Altezza RS200 ilitoka na matairi ya 215/45R17. Ukikuta mbele kuna upana tofauti kati ya kushoto na kulia, au aina tofauti kabisa kwa kila kona, usitafute chanzo cha gari kuvuta upande hadi hilo litatuliwe.

Kuliendesha gari kunahitaji busara moja ambayo husahaulika. Barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji yamwagike pembeni, na kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, gari lisilo na kasoro yoyote huelekea kushoto taratibu ukiulegezea usukani mkono. Asubuhi ya Jumapili kwenye Barabara ya Bagamoyo, msongamano unapokuwa mdogo, gari zuri hufanya hivyo na hakuna ubaya. Gari linalovuta kulia, yaani kuupanda mgongo wa barabara, ndilo lenye jambo. Angalia pia usukani ukiwa kwenye mstari ulionyooka: ukiwa umekaa kando huku gari likienda sawa, ama too ya mbele imerekebishwa bila kuufunga usukani katikati, ama magurudumu ya nyuma yanasukuma kiupande. Toka kwenye kona ukiwa umelegeza mikono uone kama usukani unarudi kwa nguvu sawa kutoka kushoto na kutoka kulia. Funga breki kwa wastani mahali salama. Gari likichepuka wakati wa breki tu, chunguza bushi za amu za mbele na breki zenyewe. Likichepuka unapokanyaga mafuta na kujirudisha unapoachia, bushi za nyuma zimekwisha, na mashine ya alaimenti inayopima gari lililosimama inaweza isilione kosa hilo kabisa.

Kwa sababu hiyo gari lazima liinuliwe kwa jeki kabla ya kupimwa. Shika gurudumu la mbele kushoto na kulia, kama mtu anayeshika usukani, ulitikise. Mchezo hapo hutoka kwenye tairodi au rakiendi, fito zinazopeleka mwendo wa usukani kwenye gurudumu. Lishike juu na chini ulitikise tena. Mchezo hapo hutoka kwenye boljointi, kiungo cha mviringo kati ya amu na nako, au kwenye beringi. Boljointi za chini za Altezza ziangaliwe kwa makini ya pekee, kwa sababu zikiachia, gurudumu hulala na gari hubaki halina usukani. Kupima pembe za gari lenye mchezo ni kupoteza fedha, maana kila likisogezwa litatoa namba nyingine.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji mashine, na nimeona kikiwaokoa watu kwenye yadi ambako muuzaji hakubali gari litoke. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamenyooka, kisha pima kwa futi ya utepe kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto na upande wa kulia. Kwa Altezza urefu huo ni milimita 2,670, na kwa Impreza ya kizazi nilichokitaja, sedani, ni 2,525. Futi ya utepe mikononi mwa watu wawili ina makosa yake, kwa hiyo tofauti ya milimita mbili tatu isikutie hofu. Tofauti ya sentimita moja kati ya kushoto na kulia inamaanisha kwamba gurudumu moja limesukumwa nyuma au mbele, na pigo la namna hiyo halitoki kwenye tuta la kawaida.

Sasa tufike kwenye mashine. Kabla gari halijapanda, upepo wa matairi uwe sawa na kiwango cha kiwandani, na mizigo itolewe kwenye buti, hasa spika kubwa ambazo magari haya hupenda kubebeshwa. Mwambie fundi achague gari sahihi kwenye orodha. Altezza iliuzwa kwa jina hilo kwa soko la Japani, na nje iliitwa Lexus IS, kama vile IS 200, kwa hiyo mashine isiyo na orodha ya magari ya Kijapani itakuwa na jina la Lexus tu. Fundi asiyelijua hilo huchagua Toyota yoyote inayofanana umbo, na rangi nyekundu na kijani kwenye karatasi zinakosa maana. Hakikisha ameliviringisha gari nyuma na mbele kidogo baada ya kubana vioo, maana hatua hiyo huondoa kosa linalotokana na rimu iliyopinda, na rimu za magari ya spoti hapa mjini, zikiwa na tairi la ubavu mfupi, hupinda kwenye mashimo kuliko tunavyodhani. Mwisho, hakikisha amekata usukani kushoto na kulia juu ya sahani za kuzunguka ili kasta ipimwe. Wengi huiruka hatua hiyo ili kuokoa muda, na sehemu ya kasta kwenye karatasi hubaki tupu.

Soma karatasi ukijua kwamba mashine nyingi hutoa digrii na dakika, na digrii moja ina dakika 60. Namba 1°30' ni digrii moja na nusu. Nimesikia watu wazima wakibishana bei kwa kudhani kwamba 1°30' na 1.30 ni kitu kimoja. Baada ya hapo, linganisha kushoto na kulia kabla hujalinganisha na kiwango cha kiwandani. Gari lililoshushwa linaweza kuwa nje ya kiwango pande zote mbili kwa usawa, na hilo lina maelezo yake. Kushoto na kulia vikipishana kwa kemba au kasta zaidi ya nusu digrii, anza kuuliza maswali.

Nitoe mfano wa Impreza moja niliyosimama kando yake ikipimwa. Kemba ya mbele kushoto ilisoma -0°25' na ya kulia -1°40'. Dalali, ambaye kwa haki alikuwa muungwana muda wote, akasema, "Bosi, si unaona, bolti ya kemba ipo, inazungushwa inarudi." Ni kweli kwamba ingezungushwa na kusogea. Tukamwomba fundi atuonyeshe namba nyingine ambayo kwenye mashine huandikwa SAI au KPI, yaani mlalo wa ule mhimili wa kuzungukia gurudumu ukitazamwa kwa mbele, namba ambayo haina bolti ya kuirekebisha. Kushoto ilikuwa 14°30', kulia 14°25'. Ukiijumlisha na kemba, kushoto unapata 14°05' na kulia 12°45'. Jumla hiyo hutegemea umbo la nako na shokapu na jinsi bolti zinavyoviunganisha. Vikiwa vimenyooka na bolti zimekaa sawa, kushoto na kulia hulingana hata kama bodi yenyewe imehama. Kama jumla zingelingana huku kemba zikipishana, tungetazama mahali shokapu inapofungwa juu kwenye bodi, au fremu ndogo inayobeba injini na amu. Hapa jumla zenyewe zilipishana kwa zaidi ya digrii moja, wakati mlalo wa mhimili ulikuwa karibu sawa, kwa hiyo cha kutazama kilikuwa nako, shokapu na bolti zinazoviunganisha, upande wa kulia.

Fundi akalipandisha gari na kuangaza tochi. Bolti ya kemba ya kulia haikuwa imezungushwa hadi mwisho, ilikuwa katikati kabisa kama ya kushoto, na hapo ndipo hoja ya dalali ilipokufa. Mguu wa shokapu, juu kidogo ya mahali unaposhika nako, ulikuwa na mkunjo mdogo ambao rangi yake ilikuwa imepasuka kwa mstari mwembamba wenye kutu. Mtu asingeuona bila kujua pa kuangalia. Kaka niliyekuwa naye hakulikataa gari. Aliomba bei ya shokapu ya mbele, nako na kazi ya fundi ipunguzwe kwenye bei ya gari, na akaomba pia wafungue madigadi ya upande huo waone kama bodi imeguswa. Mwenye gari alikubali la kwanza na kukataa la pili, nasi tukaondoka.

Kuhusu magari yaliyoshushwa sina chuki nayo, kwa kuwa Altezza iliyoshushwa vizuri hukaa kwenye kona kwa namna inayopendeza. Lakini amu ya juu ni fupi kuliko ya chini, hivyo gari linapoteremka gurudumu hulazwa ndani kwa juu na kemba hasi huongezeka, hasa nyuma, na too nayo huhama pamoja nayo. Aliyeshusha kwa springi sahihi, akaweka amu za kurekebishika na kupima upya, atakuwa na karatasi ya kazi hiyo, na atakuonyesha kwa fahari. Aliyekata springi kwa grinda hana karatasi. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi katika kona zote nne. Kushoto na kulia vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, ama springi imekatwa bila usawa ama imevunjika. Uliza springi za asili ziko wapi, na kama zipo ziwe sehemu ya mauzo, kwa sababu huko Ilala, Mtaa wa Shaurimoyo, utapata za gari lingine kwa urahisi kuliko zile zilizokuwa za gari hilo.

Kwa magari mapya kidogo, kama Toyota 86 na Subaru BRZ zilizoanza mwaka 2012, kuna jambo moja la kuongeza. Mfumo wa kuzuia gari lisiteleze hutegemea kifaa kinachojua usukani uko pembe gani, na kila too ikirekebishwa lazima kifaa hicho kiwekwe upya kwenye sifuri. Taa ya mfumo huo ikiwaka kwenye dashibodi, au ikiwa haiwaki hata ile mara ya kwanza unapowasha ufunguo, usikubali maelezo ya kwamba ni waya tu.

Vipimo vikishapatikana, bei ijadiliwe kwa vipimo. Too iliyohama peke yake, huku pembe nyingine zote zikiwa sawa kushoto na kulia na hakuna mchezo kwenye viungo, ndiyo alaimenti ambayo kweli inawekwa sawa gereji kwa gharama ndogo, na hapo muuzaji hastahili kubanwa. Bushi zilizochoka zina bei inayojulikana, nazo ziondolewe kwenye bei ya gari kwa seti nzima, kushoto na kulia, pamoja na alaimenti itakayofuata. SAI zilizopishana, urefu wa kushoto na kulia uliopishana, au gurudumu la nyuma linalosukuma gari kiupande bila bolti ya kulirudisha, hayo yanahitaji mtu mwenye benchi ya kunyoosha bodi, na kwa kipato cha wengi wetu ni heri kulitafuta gari lingine la aina hiyo hiyo, kwa kuwa yapo. Muuzaji akikataa kabisa gari lisipelekwe kwenye mashine hata kwa gharama yako na yeye akiwa ndani yake, mimi husitisha mazungumzo hapo.

Ukilinunua, tunza karatasi ile ya vipimo vya mwanzo pamoja na kadi ya gari. Badilisha kwanza bushi, boljointi na tairodi zilizochoka, endesha siku chache ili kila kitu kikae mahali pake, ndipo ufanye alaimenti ya magurudumu yote manne, ukianza na ya nyuma kisha ya mbele, usukani ukiwa umefungwa katikati. Mwambie fundi unataka namba za kiwandani na usikubali kusukumwa na mtu yeyote kuelekea vipimo vya uwanja wa mbio. Kemba ya digrii tatu ni ya kona za kasi, na safari ya kila siku kutoka Tegeta kwenda Posta na kurudi itaila ndani matairi hayo kabla mwaka haujaisha. Mvua za masika zikipita na mashimo yakionekana yote, rudi upime tena, na umpe fundi karatasi ya kwanza ailinganishe.